Mashine ya Marehemu

Jumanne, 9 Januari 1973

Foleni tena. Nimesimama kwenye mashine ya kusaga ya Ahero tangu asubuhi mpaka jua likanichoma utosini. Unga wa matanga. Watu wanakula, jamani! Nikishusha debe moja, jingine linaningoja. Shingo imeingia mabegani.

Ochieng' tulimzika Jumamosi. Kaka mkubwa wa mume wangu. Alirudi kutoka Jinja mwezi wa kumi na moja, mgonjwa, na blanketi moja. Tajiri wake Mhindi alifukuzwa pamoja na Wahindi wengine wa Uganda, kazi ikaisha, na maisha yakaisha.

Mjane wake, Nyar Seme, yaani binti wa Seme, bado anazunguka boma akilia. Analia kwa maneno, kama wanavyolia hapa. Kwetu Maragoli tunalia pia, lakini hatusomi maisha yote ya mtu hadharani hivi. Kila kitu kimetajwa. Jinja. Jino la mbele lililovunjika. Samaki wa kukaushwa aliyempenda kuliko nyama. Hata mashine: "Ochieng', mashine ya kusaga uliyoniahidi ataileta nani? Mhindi wako amekwenda, na wewe umekwenda!" Sauti inafika barabarani. Nimemhurumia, halafu nikamwonea wivu kidogo. Mimi nikifiwa nitalia kwa Kiluo gani? Leo tena wamekicheka. Ndiyo maana daftari hili nitaliandika Kiswahili mpaka nife.

Miguu inauma. Nalala.

Alhamisi, 11 Januari

Amekuja mgeni mbio kutoka langoni, mikono kichwani, akilia mpaka mbwa wakanyamaza. Akajitupa juu ya kaburi, udongo bado mbichi. Suruali ya tetroni, mpya. Mimi ni mshonaji, naona suruali kwanza na mtu baadaye. Nikasema moyoni, huyu ana huzuni kweli au ana suruali nyingine nyumbani.

Akalilia jino la mbele. Akalilia Jinja na samaki wa kukaushwa. Nyar Seme akamwangukia shingoni, wakalia pamoja.

Anaitwa Absalom. Nimemuuliza mume wangu, Odhiambo, huyu ni wa upande gani. Hajui. Basi muulize. Odhiambo akaniangalia kama niliyevua nguo mbele ya watu. Mtu amekuja kulia, unamuulizaje yeye ni nani? Hapa anayekuja akilia hupewa kiti, chakula na mahali pa kulala. Maswali hakuna.

Haya. Nikampelekea kuku. Amekula paja, akala na kifua.

Jumatatu, 15 Januari

Wageni wameondoka, Absalom bado yupo. Leo alikwenda na Odhiambo sokoni, pale mume wangu anapotengeneza na kukodisha baiskeli. Odhiambo amerudi anang'aa. Akafunga mlango ndipo akaniambia.

Eti mashine ipo. Eti Ochieng' na Absalom waliinunua kwa yule Mhindi wakati anafukuzwa, karibu bure, maana mtu anayepanga masanduku habishani bei. Imevuka ziwa kwa meli. Imelala kwenye godauni bandarini Kisumu. Inangoja tu ushuru na pango la godauni, na mtu wa kumlipa Absalom nusu yake, maana yeye hataki kusaga unga, anataka kwenda kufanya biashara ya samaki.

Na jambo moja. Nyar Seme asijue kwanza. Mjane atarithiwa. Akirithiwa na mtu wa mbali, mashine itamfuata huko.

Nikamwambia ni uongo. Ochieng' alirudi na blanketi! Mtu mwenye mashine anarudi na blanketi? Odhiambo akasema mimi sitaki kitu kizuri kiingie katika nyumba hii. Akaacha ugali mezani. Na ameacha kweli, hata mboga hakugusa.

Nimekasirika. Namjua mume wangu. Akishapenda kitu, hana masikio.

Jumamosi, 20 Januari

Absalom alikuja barazani kwangu sokoni nimpunguzie suruali. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Hakunipa nafasi. Hakutaja mashine. Alisifu mshono wangu. Akauliza watoto wangapi. Nikasema wawili, wasichana. Akasema, "Na mvulana?" Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa polepole, kwa huruma hasa.

Alipovaa suruali yake ndipo aliposema. Kwamba Odhiambo ni mtu mwema lakini pesa haikai kwake. Kwamba amesikia Mama mkwe anamtafutia mke wa pili. (Ni kweli. Anasikia wapi huyu?) Kwamba yeye anaogopa kuandika mashine ya rafiki yake kwa jina la Odhiambo, halafu kesho ikawasagie watoto wa mwanamke mwingine. "Mama, katika boma hili mwenye akili ni wewe. Jina lako likiwa kwenye karatasi ya bandari, hakuna atakayekuondoa hapa."

Nikamwambia aondoke. Akaondoka kwa adabu zote, akalipa na mshono.

Mwongo anayelipa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nasikia injini. Tuk-tuk-tuk-tuk. Na wanawake wa Kano nzima wamepanga foleni kwangu, na mimi nimekaa kwenye kiti, nimevaa kilemba kizuri, nawaambia ngojeni zamu.

Ujinga. Lakini ulikuwa ujinga mtamu.

Jumatano, 24 Januari

Nimempa cherehani.

Basi, nimeshaandika. Nimempa Absalom cherehani yangu, ile niliyokuja nayo kutoka kwa baba. Atainadi Kisumu, alipie ushuru kwa jina langu. Odhiambo atalipa ile nusu ya Absalom akidhani mashine ni yake, na karatasi itasema vingine. Nimemwambia Odhiambo cherehani imepelekwa mjini kutengenezwa. Hakuuliza hata imeharibika nini. Kichwa chake kiko bandarini.

Sijisikii vibaya. Ningependa kuandika kwamba najisikia vibaya.

Ijumaa, 2 Februari

Ujenzi umeanza. Odhiambo amewaambia watu anajenga karakana ya baiskeli. Kumbe anajenga nyumba ya mashine, kando ya njia, chini ya boma. Baiskeli zake za kukodisha amekwisha kumpa Absalom. Zote. Mwenye karakana ya baiskeli hana baiskeli, na hakuna aliyecheka ila mimi.

Watu wa nyumba hii wamekuwa wema ghafla. Mama mkwe ametoa kile kipande cha ardhi bila neno, yeye ambaye huhesabu hata kivuli cha mti wake. Na Nyar Seme anabeba mchanga kutoka mtoni kama anajenga nyumba yake mwenyewe. Anaimba. Mjane mwenye nywele zilizonyolewa juzi, anaimba! Maskini, hajui anambebea nani.

Mabati ambayo marehemu alimwachia ayaezekee nyumba yake hayapo tena nyuma ya jiko. Anasema kanisa la kwao Seme limeyaazima. Sawa, ni mali yake.

Na ng'ombe wawili wa kulimia hawapo zizini. Mama anasema amewapeleka kwa kaka yake kule Pap Onditi, huku kwetu majani yamekauka. Kila mtu huwekesha ng'ombe kwa ndugu, si ajabu. Lakini nilimuuliza watarudi lini, maana mvua ikija bila wale ng'ombe tumekwisha. Udongo huu wetu mweusi haulimwi na jembe la mkono, ukikauka ni jiwe, ukilowa unashika mguu. Mashamba yote ya boma yanategemea shingo za wale wawili. Mama akasema, "Watarudi kabla ya mvua. Na hata wasiporudi, tutanunua wengine."

Tutanunua kwa pesa gani? Sikuuliza.

Jumamosi, 10 Februari

Sakafu imekauka. Simiti safi, laini, natamani kulala juu yake. Katikati zimesimama bolti nne za kushikia mashine. Absalom alileta vipimo kwenye kamba yenye mafundo, akapima mwenyewe, akapiga magoti na tetroni yake kwenye simiti mbichi. Odhiambo alishika timazi. Mama alileta uji. Nyar Seme alimwaga maji. Mimi nilishika kamba upande huu.

Sote tulikuwa tunacheka. Sijawahi kuiona nyumba hii ikicheka pamoja namna ile, hata Krismasi.

Absalom akaaga. Ijumaa lori litakuja. Akanivutia kando: "Likifika wewe kaa kimya. Karatasi itasema."

Ijumaa, 16 Februari

Nimefagia njia. Nilipotoka nikamkuta Nyar Seme amekwisha kuifagia. Mama amevaa gauni la kanisani na kukaa langoni kwenye kigoda, ati anaota jua. Odhiambo hakwenda sokoni. Ati ana mafua.

Kila lori lililopita barabara kuu tulinyanyua vichwa. Wote. Kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoacha kuangalia barabara, nikawaangalia wao. Mama anangoja nini? Nyar Seme amepaka mafuta miguuni kwa ajili ya nani?

Hakuja mtu.

Jumamosi, 17 Februari

Hakuja.

Jumapili, 18 Februari

Hakuja. Kanisani tumekaa benchi moja na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nimesema kesho nitakwenda Kisumu kuangalia cherehani yangu. Odhiambo akasema haraka haraka kwamba yeye pia ana safari kesho, kutafuta spoki, lakini atapitia kwa rafiki, hivyo tusifuatane. Nikasema vizuri. Haki ya Mungu nilifurahi.

Jumatatu, 19 Februari

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Nilishuka basi la kwanza. Nikaenda kwa miguu hadi bandarini, nikapita reli, jua tayari kali na harufu ya samaki na makaa. Langoni pana mti mdogo na kivuli chake kidogo. Chini ya kivuli alikuwa amekaa Mama, gauni la kanisani, mkoba mapajani. Alikuwa ameniambia anakwenda Ahero hospitalini kwa ajili ya goti.

Hatukusalimiana. Nilisimama.

Kisha nikamwona Nyar Seme anakuja kutoka upande wa soko, kitambaa cheusi kichwani. Alipotuona alisimama katikati ya barabara mpaka mwenye mkokoteni akamkemea. Wa mwisho ni mume wangu. Yeye hata hakusimama. Alikuja moja kwa moja kama mtu aliyeitwa, akaegemea ukuta.

Watu wanne wa boma moja langoni pa bandari, na kila mmoja amedanganya anakokwenda.

Askari wa lango alikuwa anakula muwa. Akatuangalia mmoja mmoja, akatema makapi, akasema, "Nyinyi pia ni wa mashine?"

Akasema, bila ubaya wowote, kwamba wiki jana walikuja watu wa Nyakach, na kabla yao wa Seme. Godauni hiyo hakuna. Mashine hiyo hakuna. Bwana wa tetroni hamjui. "Rudini nyumbani, wazee. Jua hili litawaua bure."

Nyar Seme akakaa chini, pale pale kwenye changarawe. Hakulia. Ningependa angelia.

Jumanne, 20 Februari

Nimepika, tumekula.

Jumapili, 25 Februari

Leo yametoka. Yalianza kwa kitu kidogo, Nyar Seme alimwomba Mama chumvi na Mama akamjibu vibaya. Basi. Yakamwagika.

Absalom alimwambia Nyar Seme kwamba shemeji zake watamnyang'anya mashine ya mumewe, kwa hiyo alipe kwa siri. Ndiko mabati yalikokwenda. Alimwambia Mama kwamba mjane ni mali ya watu wengine, na Odhiambo ameshikwa na mke wake Mragoli, kwa hiyo mama mzazi aandikwe peke yake. Ndiko ng'ombe walikokwenda. Hawakufika Pap Onditi. Absalom aliwafuata mwenyewe asubuhi mapema na kamba, na Mama akamsaidia kuwafungua. Akampa na maziwa ya njiani!

Na mimi nikasema la kwangu. Odhiambo aliniangalia kwa muda mrefu. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Hata wewe." Nami nikamwambia, "Hata wewe."

Mashine moja ameiuza mara nne katika boma moja. Na hakuwa mjanja sana, hilo ndilo linalonichoma. Jioni moja tu, kama mmoja wetu angesema kwa sauti mbele ya wengine, "Huyu mtu amekuambia nini wewe?", kila kitu kingekufa pale pale kwenye sahani. Hakuna aliyesema kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu cha kuficha. Alipotuambia tusiseme, tulidhani anatupendelea.

Nilitaka twende kwa chifu. Odhiambo alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Mama akasema, "Nenda. Utasema nini pale barazani? Kwamba mama yako alitaka kumnyang'anya mjane wa mwanawe? Kwamba wewe ulitaka kumpiku mke wa marehemu kaburi halijakauka? Na mkeo alitaka kukupiku wewe? Nenda ukaseme, watu wote wa Kano wasikie."

Odhiambo akavua kiatu kile kimoja.

Na tungemshtaki nani? Absalom nani? Wa wapi? Mtoto wa nani? Alilala kwetu, alikula kuku wetu, na hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, 8 Machi

Odhiambo amerudi kutoka Sondu. Alisikia ng'ombe wengi wa huku huuzwa mnadani kule. Alikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, baiskeli ndiyo hiyo haipo.

Amemwona yule mwekundu, mwenye pembe iliyopinda. Kwenye shamba la Mkipsigis mmoja, ng'ambo ya mto. Analima. Yule mtu alimnunua mnadani mbele ya watu, kwa haki, na alikuwa mpole, akampa Odhiambo maziwa. Odhiambo hakumwambia kitu. Angemwambiaje? Alisimama kwenye ukingo wa shamba akamtazama ng'ombe akienda na kurudi.

Anasema analima vizuri. Anasema amenenepa.

Kisha mume wangu akaingia ndani na kulala uso ukutani. Nilikaa karibu naye. Sikujua mkono niuweke wapi.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Mapema na kubwa. Mto Nyando umejaa, udongo umekuwa uji mweusi. Majirani wote wanalima kwa ng'ombe, tunasikia wanavyopiga miluzi. Sisi tunalima kwa jembe. Mama, Nyar Seme, mimi, Odhiambo. Wasichana wangu wanakuja wakitoka shule. Unachimba hatua moja, unakwangua jembe, unachimba tena. Mpaka jioni tumefanya kipande kama mkeka.

Tulimwendea jirani kukodi ng'ombe. Atatupa akimaliza kwake, na kwa kaka yake, na kwa shemeji yake. Yaani mvua ikiisha. Hana kosa. Watu wanauliza ng'ombe wenu wako wapi, Mama anasema Pap Onditi, majani mazuri kule. Bado anasema hivyo. Nasi tunaitikia.

Baraza langu sokoni limechukuliwa na fundi mwingine. Kijana. Anashona kola vibaya.

Tulipokuwa shambani Nyar Seme aliniambia kitu bila kuinua kichwa. Kwamba marehemu hakununua mashine yoyote. Alimwahidi tu, siku moja, akiwa na homa, kumfurahisha. Yeye alijua tangu mwanzo. Nikamuuliza basi mbona ulitoa mabati? Akasema, "Yule mtu alipoitaja nilifikiri labda Ochieng' alinificha zawadi. Nani mwingine angejua habari ya mashine? Mimi sikumwambia mtu."

Tukaendelea kulima. Sote wawili tuliamini hivyo, kwamba hakumwambia mtu.

Alhamisi, 5 Aprili

Magugu yanatushinda. Kipande cha chini kimeachwa. Kikubwa kuliko tulicholima. Mwaka huu tutanunua mahindi, na sijui kwa pesa gani. Mama anaumwa goti kweli sasa.

Jumamosi, 12 Mei

Nimetoka matangani, boma la tatu kutoka kwetu. Mzee aliyefanya kazi Tororo miaka mingi. Nilikwenda na Nyar Seme kusaidia jikoni.

Mjane alikuwa anazunguka akilia. Nilikuwa namenya vitunguu, nasikiliza bila kusikiliza. Tororo. Kovu la paja. Alivyopenda kahawa chungu. Kisha akalia kuhusu shamba. Shamba la miwa upande wa Muhoroni ambalo mzee alisema analilipia kidogo kidogo. "Karatasi zake uliweka wapi, mume wangu? Nani atanionyesha mpaka?"

Kisu kilisimama mkononi. Nikamwangalia Nyar Seme. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Kumbe ni sisi. Hakuna aliyetuchungulia wala kutupeleleza. Tulizunguka boma letu na kupiga kelele kila kitu tulichotaka, mpaka barabarani, na mtu aliyekuwa anapita akasimama akasikiliza.

Mjane akaendelea. Miwa. Mpaka. Karatasi. Nilitaka kwenda kumziba mdomo. Unamzibaje mdomo mtu aliyefiwa?

Saa ya chakula nikapewa sinia niwapelekee wageni wa upande wa lango. Mmoja alikuwa amekaa peke yake. Mtu wa makamo, shati jeupe, macho mekundu ya kulia. Nilimwekea ugali. Nikamwekea samaki. Kisha nikachuchumaa mbele yake na kumuuliza kwa Kiluo changu hicho hicho, wazi, watu wote wakisikia: "Baba, wewe ni nani? Unatoka wapi? Ni ndugu wa marehemu kwa upande gani?"

Yule mtu alishusha macho kwenye sahani. Mama mmoja wa boma lile alikuja mbio, akanishika bega, akanisukuma nyuma yake. Akamwambia mgeni, "Usiudhike, baba. Msamehe. Huyu ni Mragoli, hajui desturi." Watu wakacheka kidogo, kwa aibu yangu. Mgeni akasema haidhuru, mama, haidhuru.

Hakujibu. Hakuna aliyemtaka ajibu.

Labda ni ndugu kweli. Labda nimemuumiza mtu mwenye msiba wake. Sijui. Nilimtafuta Nyar Seme kwa macho aseme neno, yeye ni mtu wao, wangemsikia. Alikuwa anaangalia chini, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Basi nikarudi na sufuria. Nilimwongezea mchuzi.